Ukizuru Rusinga, Usimwogope Kiboko Peke Yake

Kijana mmoja alifika katika kliniki yangu akiwa na homa, kikohozi kikavu na mwasho mwilini. Alipimwa malaria, hakupatikana nayo. Nilipomdadisi, alisema kuwa majuma sita yaliyotangulia alikuwa likizoni katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, na kila alasiri aliogelea. Vipimo vilionyesha ni kichocho.

Rusinga ni mahali pa kupendeza. Mchana utamwona furukombe akinyakua samaki na kenge akiota jua maweni. Usiku utasikia nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huigonga kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Usijinyime raha hizo, ila wajue wanyama watatu.

Wa kwanza ni kiboko. Jua likitua hutoka majini kwenda malishoni, na ndizo saa watu waendazo ngomani. Usipite ufuoni gizani. Fuata barabara pamoja na mwenyeji, mkiwa na tochi. Kamwe usisimame kati yake na maji, kwani humshambulia anayemzibia njia, naye humshinda binadamu mbio.

Wa pili ni mbu. Yule anayeeneza malaria huuma usiku, nawe umeketi nje ukisikiliza muziki. Vaa nguo za mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu na ulale ndani ya chandarua. Mgeni kutoka Nairobi hana kinga aliyo nayo mwenyeji, kwa hivyo muone daktari kabla ya safari akupe tembe za kuzuia malaria. Ukipata homa baada ya kurudi, pimwa siku hiyo hiyo.

Wa tatu ni konokono wa majini, mdogo kama ukucha. Hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujipangusa kwa taulo hakutoshi. Usiogelee wala kutembea majini ufuoni. Maji ya kuoga yachemshwe, au yakae pipani siku mbili. Ikiwa uliingia ziwani, pimwa choo baada ya majuma sita hadi manane, hata kama hujihisi mgonjwa. Kichocho cha huko hushambulia utumbo na ini. Hutibika kwa tembe za prazikwanteli, lakini kikipuuzwa huliharibu ini polepole kwa miaka mingi.

Kijana yule alitibiwa akapona. Anasema atarudi kusikiliza nyatiti, lakini ziwa atalitazama kwa mbali.