Fahamu: Bondia apumzike vipi baada ya pambano bila kupoteza pumzi?

Septemba 2022 jijini Liverpool, bondia Mtanzania Hassan Mwakinyo alipoteza kwa TKO raundi ya nne mbele ya Mwingereza Liam Smith. Baada ya kipigo, bondia afanye nini?

Siku mbili za kwanza ni za kulala na kunywa maji. Pumzi huanza kushuka baada ya takriban wiki mbili bila mazoezi, hivyo hakuna haja ya kukimbilia gym. Maumivu yakitulia, bondia atembee, kisha aendeshe baiskeli taratibu. Ale choroko, maziwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa).

Aliyepigwa KO asirushiane ngumi hata mazoezini kwa angalau siku 30, na daktari amruhusu kwanza. Akitapika au kuchanganyikiwa, makocha, mpelekeni hospitali mara moja.