Unauza spea za bodaboda mtandaoni? Mteja wako anawahi hesabu

Dereva wa bodaboda akikutumia meseji, mara nyingi pikipiki yake imeshalala. Na pikipiki ikilala, hesabu ya bosi hailali. Kwa hiyo ile "njoo inbox" inamkimbiza. Weka bei hapo hapo kwenye posti.

Kabla hajalipa, muulize aina ya pikipiki: pistoni ya Boxer 100 haiingii kwenye Boxer 150. Mwombe picha ya spea iliyoharibika, ulinganishe.

Kama ni kopi, sema ni kopi. Weka na bei ya OG pembeni, achague mwenyewe.

Mwisho, mwambie ukweli: mzigo utamfikia saa ngapi, na spea isipoingia anairudishaje.

Ukimwokolea siku moja ya kazi, kijiwe kizima kitakuwa na namba yako.