Tezi ya Mama, Kilo za Mtoto

Kwa takribani wiki 12 za mwanzo, mtoto aliye tumboni hajaanza kujitengenezea homoni ya thairoidi. Yote anayoitumia hutoka kwa mama, ikapita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye ubongo ambao ndiyo kwanza unaumbika. Kwa hiyo tezi ya thairoidi ya mama, ile iliyo mbele ya shingo, hulazimika kuongeza kazi. Kinachoisukuma ni mimba yenyewe: hCG, homoni ileile inayochora mstari wa pili kwenye kipimo cha mkojo, huichochea tezi pia.

Iongeze kazi hadi wapi? Mwaka 2013, watafiti wa mradi wa Generation R mjini Rotterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya wajawazito zaidi ya 4,000 waliopimwa damu mapema. Ungedhani homoni nyingi huleta mtoto mkubwa. Ikawa kinyume: hata ndani ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, thairoksini ya mama, homoni kuu ya tezi hiyo, ilipokuwa juu, uzito wa mtoto ulielekea kushuka. Uchambuzi wa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za jozi za mama na mtoto zaidi ya 48,000, uliona vivyo hivyo, ukaongeza upande wa pili: tezi inayoanza kuzembea, hata kama mama hajisikii chochote, nayo iliambatana na watoto wadogo.

Kwa mtoto mmoja mmoja, tofauti hizo ni ndogo. Kinachoniumiza zaidi ni pale madini joto yanapokosekana, maana bila hayo tezi haina cha kutengenezea homoni. Huko Ubangi, kaskazini mwa Kongo, enzi za Zaire, udongo ulikuwa na madini joto haba, na chakula kikuu kilikuwa muhogo mchungu. Usiporowekwa siku za kutosha, sayanidi inayobaki hugeuka mwilini kuwa thayosayaneti, nayo huizuia tezi isinyonye hata kile kidogo kilichopo. Wajawazito waliochomwa sindano ya mafuta yenye madini joto walijifungua watoto waliowazidi wa wenzao kwa wastani wa karibu gramu 200, na hiyo ni sindano iliyokuja mimba ikiwa imeshakua!

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Mtu mzima mwingine asiyenyonyesha zinamtosha 150. Chumvi yenye madini hayo iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, la sivyo madini hupotea. Na mwanamke mwenye goita, au anayemeza dawa za tezi, asingoje tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Aseme hivyo kwenye hudhurio la kwanza kabisa, wala asiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto: wengi wenye tezi dhaifu huhitaji dozi iongezwe, tena katika wiki hizo za mwanzo.