Mgonjwa wa mapafu na karatasi ya majibu ya damu

Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikiti wetu alitufuata ofisini akiwa na karatasi ya majibu ya maabara. Mwanawe alikuwa siku ya nne katika chumba cha wagonjwa mahututi, nimonia imemshika mapafu yote mawili, naye anapumua kwa mashine. Mbele ya herufi CRP palikuwa na namba kubwa iliyozungushiwa wino. Ukoo ulikuwa umekwisha kugawanyika: wengine wakisema namba ile maana yake hakuna tena matumaini, mgonjwa arudishwe nyumbani, wengine wakikataa katakata. Mzee alitaka kamati imwambie lipi la kushika.

Sisi si matabibu, na hilo tulimwambia kwanza. Lakini maswali ya namna hii yametufikia mara nyingi tangu siku za korona, tukaona inafaa kuyaandika yale tuliyojifunza kwa kusoma na kuuliza.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1967 na Ashbaugh na wenzake huko Denver, Marekani, kwa kuwatazama wagonjwa 12. Mapafu yamejaa vifuko vidogo vya hewa vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Nimonia kali, maambukizi yaliyoenea mwilini, ajali mbaya, au matapishi yaliyoingia njia ya hewa huweza kuichochea kinga ya mwili kupita kiasi. Kuta za mishipa huvuja, vifuko hujaa maji, na oksijeni haipiti ipasavyo hata mgonjwa akipewa kwa wingi.

Sehemu zilizoumia huacha alama katika damu, na alama hizo ndizo wataalamu wanazoziita viashiria. Protini iitwayo RAGE hutoka zaidi kwenye utando wa vifuko vya hewa. Angiopoietini-2 hutoka kwenye kuta za mishipa. Interlukini-6 ni mjumbe wa kinga. Hizi bado ni za watafiti zaidi kuliko za wodini. CRP, iliyokuwa kwenye karatasi ya mzee, hutengenezwa na ini mwili unapopambana, nayo hupanda kwa jipu la mguu kama inavyopanda kwa nimonia. Ni moshi unaoonekana kwa mbali: unajua kuna moto, hujui unaungua nyumba ya nani.

Mwaka 2014 Carolyn Calfee na wenzake walionyesha kuwa viashiria kadhaa vikisomwa pamoja na hali ya mgonjwa, wagonjwa hawa hugawanyika makundi mawili. Kundi ambalo kinga yake imechachamaa hufariki zaidi, na makundi hayo hayakuitikia sawasawa shinikizo la hewa la mashine. Hapo ndipo penye faida kubwa, yaani kujua nani atibiwe vipi. Lakini kuambiwa kwamba kundi fulani hufariki zaidi si kuambiwa kwamba mwanao ni miongoni mwa watakaokufa.

Hata vigezo vya Berlin vya mwaka 2012, vinavyoutambua ugonjwa huu, havina kiashiria chochote cha namna hiyo. Vinadai picha ya mapafu, oksijeni iliyopimwa katika damu ya mshipa wa ateri, na mashine ya kupumulia. Penye upungufu wa mashine, nani atatambuliwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka hospitali ya rufaa ya Kigali, Rwanda, ulijibu. Kati ya wagonjwa 1,046, hakuna hata mmoja aliyetimiza vigezo vya Berlin. Walipotumia kipimo cha kidole na utrasaundi, bila kudai mashine, walipatikana 42, na nusu yao walifariki. Tunakiri tulifurahi kuona jirani zetu wakiufundisha ulimwengu: tafsiri mpya ya kimataifa ya mwaka 2023 imevikubali vipimo hivyo.

Kipimo hicho cha kidole sasa kimo katika nyumba nyingi. Kikisoma chini ya 90, au mgonjwa akipumua mbio na kushindwa kumaliza sentensi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na akina mama wajue kuwa hina nyeusi huweza kukivuruga, na kwa ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Basi namba nzuri isiwazuie kumpeleka mtu anayehema.

Kwa mzee wetu, tulimshauri asimrudishe kijana kwa ajili ya namba moja. Amwulize daktari: mahitaji yake ya oksijeni yamepanda au yameshuka tangu jana? Figo na moyo vikoje? Lipo tiba ambalo bado halijajaribiwa? Tulimwandikia maswali hayo nyuma ya karatasi ile ile, akaondoka nayo ili aiwahi saa ya kuwaona wagonjwa.