Asili ya Nini, na Kiasi Gani?

Neno "asili" lina biashara nono mjini Nakuru siku hizi. Katika vibanda na maduka ya vipodozi ya Section 58 hulikosi kwenye sabuni na krimu zinazonadiwa kuwa dawa ya chunusi, mara nyingi pamoja na mchoro wa jani la mshubiri. Kijana anayeona haya kuinua uso darasani hununua papo hapo. (Chunusi wa ngano za Pwani ni zimwi la majini limvutalo mwogeleaji kilindini; hii ya usoni nayo huzamisha.) Ningependa mnunuzi huyo aulize kwanza: asili ya nini, na kiasi gani?

Tuuchukue huo mshubiri. Wakalenjin huuita tangaratwet, Wamaasai osuguroi, nasi Waswahili tulilikopa jina letu kwa Waarabu, tukalifanya kipimo cha uchungu. Uchungu huo una mahali pake. Chini tu ya ganda la jani hupita utomvu wa manjano wenye aloini, dawa kali ya kuharisha ambayo pia huweza kuiwasha ngozi. Ndani zaidi mna ute mwangavu, na huo ndio utulizao. Anayeliponda jani zima akajipaka amechanganya kitulizo na kiwasho. Aidha, mishubiri ya mwituni kule Baringo si ile Aloe vera ya mashambani iliyotumiwa katika tafiti nyingi. Sifa za mmoja haziazimwi mwingine hivi hivi.

Sisemi kwamba mimea ni bure. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliwapima watu 124: mafuta ya mti wa melaleuka, kwa asilimia 5, yalipunguza chunusi, polepole kuliko benzoili peroksaidi lakini kwa madhara machache zaidi. Utafiti wa Iran uliochapishwa 2014 uliona nafuu pale Aloe vera ilipotumiwa pamoja na tretinoini. Haikupimwa peke yake.

Serikali yetu ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya mwituni mwaka 1986, kisha kanuni za 2007 zikaifungulia njia biashara ya ile iliyopandwa. Muuzaji anayejua mmea wake ulikopandwa hana la kuficha. Basi na aandike, kwa Kiswahili kisomekacho, ni mmea gani, sehemu gani ya jani, na asilimia ngapi. Nayo chunusi yenye usaha na makovu ipelekwe kwa daktari wa ngozi, hata kama kopo limeandikwa "asili" pande zote mbili.