Kumi na Moja kwa Kumi na Moja: Baraza la Zanzibar Lilipokwama

Katika mfumo wa bunge, anayetawala ni yule mwenye nusu ya wajumbe na mmoja juu yake. Katiba nyingi hazijali kama wajumbe hao ni wa chama kimoja au vitatu. Lakini ikiwa hakuna anayeifikia hesabu hiyo? Tuna mfano wetu wenyewe, Zanzibar ya Januari hadi Juni 1961, na nashangaa jinsi usivyotajwa kila tunapojadili serikali za mseto.

Uchaguzi wa Januari ulikuwa wa viti 22. Afro-Shirazi ya Abeid Karume ilipata 10. Hizbu, yaani ZNP ya akina Ali Muhsin Barwani, ikapata 9. Vitatu vilivyobaki, vyote vya Pemba, vilikwenda kwa ZPPP ya Mohammed Shamte, chama kilichomeguka kutoka Afro-Shirazi mwaka 1959. Ghafla chama hicho kidogo kikawa mwali anayeposwa na nyumba mbili. Ili kufikisha 12, Afro-Shirazi ilihitaji wajumbe wake wawili tu, ila Hizbu iliwahitaji wote watatu.

ZPPP ikapasuka. Shamte na mwenzake mmoja walikwenda Hizbu, na Ali Sharif Musa akarudi upande wa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11.

Msomaji atazame jimbo la Chake Chake. Afro-Shirazi ililichukua kwa kura moja tu. Lau kura hiyo ingeangukia Hizbu, Hizbu ingekuwa na viti 10, na kwa wale wawili wa ZPPP ingefikisha 12 na kuunda serikali. Anayebaki nyumbani siku ya kupiga kura kwa kudhani kura moja si kitu, hadithi hii inamhusu.

Balozi Mkaazi wa Uingereza, Sir George Mooring, aliunda serikali ya muda yenye mawaziri wa pande zote mbili. Uchaguzi ukapangwa kurudiwa Juni 1, na kikaongezwa kiti cha 23 ili zisiwepo tena namba za kugawanyika sawa. Hapo ndipo ninapotofautiana na waganga wa ugonjwa ule. Namba witiri huzuia sare, lakini hazipatanishi watu. Zile zilikuwa zama za siasa: watu waligomeana maduka, wakulima walifukuzwa kwenye mashamba ya mabwana wa chama kingine, na maziko pia yalisusiwa. Katika hali hiyo wananchi walirudishwa vituoni ili apatikane mshindi, kwa vyovyote vile. Ghasia zilianza siku hiyo hiyo ya kura, na watu 68 wakauawa.

Mshindi alipatikana. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii Shamte na Hizbu walikuwa wameshaungana kabla ya kura, hivyo muungano wao ukawa na 13, na mwenye viti vitatu akawa Waziri Kiongozi. Afro-Shirazi, iliyopata karibu nusu ya kura zote, ilibaki nje. Julai 1963 mambo yalikuwa yale yale: chama hicho kilizidi asilimia 50 ya kura lakini kikapata viti 13 kati ya 31. Uhuru ulikuja Desemba 10 mwaka huo. Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964.

Ukiniuliza, lile baraza la 11 kwa 11 lilikuwa picha ya kweli zaidi ya nchi kuliko lile la 13 kwa 10. Serikali yake ya muda ilikuwa dhaifu, kweli, na Mwingereza ndiye aliyeshika mpini. Hata hivyo, kabla ya uhuru ndiyo serikali pekee iliyowaweka mawaziri wa Afro-Shirazi na wa Hizbu pamoja. Ingefaa kuipa muda na kazi, badala ya kuharakisha kuizika.

Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tangu hapo, kugawana madaraka na chama kinachofuata kwa kura ni suala la katiba, halingoji tena sare.