Funga, kufuli au komeo? Istilahi za kulinda folda za barua pepe

Kitenzi *funga* kina mawanda mapana mno katika Kiswahili. Mtu hufunga mzigo, hufunga mlango, hufunga safari, hufunga ndoa, hufunga bao na hufunga mwezi wa Ramadhani. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huu wa maana hauleti utata, kwa kuwa nomino inayofuata hubainisha maana iliyokusudiwa. Hali ni tofauti katika programu za kompyuta, ambako mtumiaji hukabiliwa na ujumbe wa maneno mawili au matatu tu, tena wakati jambo limekwisha kuharibika. Makala haya yanachunguza mfano mmoja ambamo utata huo unaweza kumpotezea mtu barua zake: ujumbe usemao kwamba *folda imefungwa*.

Maana tatu za sentensi moja

Sentensi *Folda imefungwa* inaweza kufasiriwa kwa namna tatu. Kwanza, folda ilikuwa wazi na sasa imefumbwa, kama kitabu kilichokwisha kusomwa. Mtumiaji yuko huru kuihamisha au kuinakili. Pili, folda imezuiwa kwa nywila, na asiye na nywila hawezi kuona yaliyomo. Tatu, programu fulani inaitumia folda hiyo kwa sasa, na nyingine zinatakiwa zingoje zamu.

Katika programu za barua pepe, maana inayokusudiwa mara nyingi ni hii ya tatu. Itifaki ya POP3, iliyoelezwa katika waraka wa RFC 1939 wa mwaka 1996, inaitaka seva ishike sanduku la barua kwa ajili ya mteja mmoja tu kabla ya kumpa barua zake. Ikishindwa kulishika, hurudisha ujumbe wa kosa. Msomaji wa ujumbe huo akielewa maana ya kwanza, atajaribu kuifungua folda. Akielewa ya pili, atatafuta nywila. Akielewa ya tatu, atasubiri kidogo, na hilo ndilo jambo sahihi.

Kwa nini folda izuiwe

Ili kuchagua istilahi ifaayo, ni lazima kwanza kuelewa jambo lenyewe. Katika mfumo mkongwe wa Unix, folda ya barua ya aina ya mbox ni faili moja refu. Barua zote zimo humo, moja baada ya nyingine, na kila moja huanza kwa mstari wenye neno *From* likifuatwa na nafasi. Barua mpya inapofika, programu ya usambazaji huiongeza mwishoni mwa faili. Mtumiaji anapofuta barua, programu ya kusomea huliandika faili upya bila barua iliyofutwa.

Kazi hizi mbili zikifanyika kwa wakati mmoja, madhara hayaepukiki. Programu ya kusomea inaweza kuwa imekwisha kusoma faili la zamani, kisha barua mpya ikaongezwa, kisha programu ile ikaandika nakala yake isiyo na barua hiyo. Barua imepotea, wala hakuna aliyeifuta. Programu mbili za usambazaji nazo zikiandika kwa pamoja, maneno ya barua moja huweza kuingia katikati ya nyingine. Hali hii, ambamo matokeo hutegemea ni nani aliyetangulia, inaelezeka vizuri kwa kitenzi cha kutendana: *kuwahiana*.

Ulinzi unaohitajika hapa, kwa hiyo, hauhusu siri. Ni utaratibu wa kupeana zamu.

Maneno yanayoshindana

*Kufuli*, neno lenye asili ya Kiarabu, hutajwa kwanza na watafsiri wengi. Kasoro yake ni kwamba picha ya kufuli imekwisha kuzoeleka kama alama ya usiri: huonekana kando ya anwani ya tovuti na kwenye skrini ya simu iliyozuiwa kwa nywila. Isitoshe, kufuli hutiwa nje ya mlango na mtu anayeondoka, naye huenda na ufunguo wake. Sivyo ilivyo kwa folda ya barua.

*Fungia* nalo lina mashaka. Kauli yake ya kutendwa, *fungiwa*, imeshika maana ya adhabu: mchezaji hufungiwa mechi tatu, gazeti hufungiwa na mamlaka. Mtumiaji akiambiwa kwamba folda yake *imefungiwa*, atadhani ana kosa.

*Komeo* ni neno linalostahili kupewa nafasi. Komeo ni kifaa cha kufungia mlango, na kwa kawaida hutumiwa na aliye ndani. Aliyemo hulitia anapoanza shughuli yake, wa nje hungoja, na yeye yule aliyelitia huliondoa anapomaliza. Halina ufunguo wala siri. Hivi ndivyo programu inavyofanya inapoishika folda: huingia, hujikomea, huandika, hukomoa, hutoka.

Tahadhari mbili za kisarufi zinahitajika. Kitenzi *komea* chenye maana ya kutia komeo kinafanana kwa umbo na *komea* kinachotokana na *koma*, kama katika *safari ilikomea Dodoma*. Kwa sababu hiyo *barua zimekomea kwenye folda* haina maana ya ulinzi hata kidogo. Aidha, *komoa*, kinyume cha *komea*, siku hizi husikika zaidi kwa maana ya kumtendea mtu jambo la kumkomesha. Katika matini za kiufundi ni salama zaidi kutumia virai *kutia komeo* na *kuondoa komeo*. Nomino yenyewe iko katika ngeli ya li-/ya-: *komeo limetiwa, makomeo yameondolewa*.

Masharti ya komeo salama

Mtafsiri wa miongozo ya programu hizi atakutana na dhana kadhaa, na kila moja inahitaji neno lake.

Sharti la kwanza ni *hatua isiyokatika*. Njia mojawapo ya kutia komeo ni kuunda faili dogo lenye jina la folda likiongezwa tamati *.lock*. Kuchunguza kama faili hilo lipo, na kuliunda kama halipo, lazima viwe tendo moja. Vikiwa matendo mawili, programu mbili huweza kuchunguza kwa pamoja, zikakuta hakuna komeo, na zote zikaingia. Jambo hili lilikuwa gumu zaidi katika matoleo ya zamani ya NFS, mfumo unaoruhusu kompyuta kadhaa kushiriki mafaili kupitia mtandao.

Sharti la pili ni *maafikiano*. Makomeo mengi ya mifumo ya Unix hayamzuii kwa nguvu asiyeyatazama. Hufanya kazi kama hodi, ambayo humlinda mwenye nyumba kwa kuwa wageni wanaiheshimu. Programu isiyochunguza komeo itaandika tu. Mwito wa mfumo uitwao fcntl na ule wa flock hutoa makomeo yanayotunzwa na kiini cha mfumo wa uendeshaji, lakini programu inayotumia mmoja haiwezi kutegemea kuliona komeo la inayotumia mwingine. Istilahi *komeo la maafikiano* inaeleza jambo hili kuliko *komeo la ushauri*, ambayo humfanya msomaji adhani kuna mtu anayeshauriwa.

Sharti la tatu ni *mpangilio*. Programu moja ikitia komeo la fcntl kisha ikangoja faili la .lock, na nyingine ikafanya kinyume chake, kila moja itangoja ya mwenzake bila kikomo. Huu ni *mkwamo wa kungojeana*. Kanuni za mfumo wa Debian huuzuia kwa kuagiza njia zote mbili zitumike, fcntl ikitangulia na faili la .lock likifuata.

Sharti la nne ni *ukomo wa muda*. Programu ikizimika ghafla, faili lake la .lock hubaki. Hili ni *komeo lililoachwa*. Programu ya procmail, kwa mfano, isipopangwa vingine, hujaribu tena kila baada ya sekunde 8, na komeo likifikisha sekunde 1024 huhesabiwa kuwa limeachwa na huondolewa.

Alama isiyopaswa kusahihishwa

Procmail inatoa onyo la pekee kwa watafsiri na wahariri. Kanuni zake huanza kwa mstari *:0*, na mstari huo ukiandikwa *:0:*, nukta pacha ya mwisho ndiyo inayoagiza komeo litiwe kabla ya barua kuandikwa. Mhariri mwangalifu wa uakifishaji anaweza kuiona kama kosa la chapa na kuifuta. Kanuni itaendelea kufanya kazi, barua zitaendelea kufika, na ulinzi utakuwa umeondoka kimya kimya. Mifano ya msimbo, pamoja na majina ya mafaili kama .lock, haitafsiriwi wala kuakifishwa upya.

Si kila folda inahitaji komeo la namna hii. Katika muundo wa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein kwa ajili ya programu ya qmail, kila barua ni faili lake. Barua huandikwa kwanza katika saraka ya *tmp*, kisha ikikamilika huhamishiwa *new*. Kwa kuwa hakuna faili moja linalogombewa, mwongozo unaohusu Maildir usilazimishwe kutaja komeo pale ambapo matini chasili haikulitaja.

Mifano ya matumizi

Badala ya *Folda imefungwa*, iandikwe: *Folda imetiwa komeo na programu nyingine. Tafadhali subiri.*

Badala ya *Imeshindwa kufunga sanduku*, iandikwe: *Imeshindwa kutia komeo kwenye sanduku la barua.*

Badala ya *Fungua folda kwa nguvu*, iandikwe: *Ondoa komeo lililoachwa*, pamoja na onyo: *Hakikisha kwanza kwamba hakuna programu inayoitumia folda hii.* Onyo hili lisiachwe, kwa maana anayeondoa komeo la programu iliyo kazini huzirudisha programu katika kuwahiana.

Muhtasari

*Funga* libaki kuwa kinyume cha *fungua*, kwa dirisha, faili na folda. *Kufuli* litumike panapohusika nywila na usiri. *Fungia* litumike pale mamlaka inapomnyima mtu huduma. *Komeo* litumike kwa ulinzi wa muda unaotiwa na programu moja ili nyingine zingoje. Mgawanyo huu hautungi neno lolote jipya. Unalipa kila neno la zamani kazi moja, ili mtumiaji aliyesimama mbele ya folda yake ajue kama anatakiwa afungue, atafute nywila, alalamike au asubiri.